Bandama ya Sijaona

Uthmani alikuwa muuza nyama, na watu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, walimwamini kwa jambo moja: hakumuuzia mtu nyama ya mashaka. Ini likiwa na madoa, alilikata palepale mbele ya mteja, akatupa penye madoa, akapima palipobaki safi. Wenzake walimcheka kwamba anafanya biashara ya sadaka. Yeye aliwajibu kuwa nyama mbaya ina miguu, humfuata aliyeiuza mpaka nyumbani. Na tuseme ukweli, alikuwa na majivuno kidogo ya kisu chake. Mtu aliyekata nyama tangu ndevu hazijaota hufika mahali akaamini kwamba hakuna kilichomo ndani ya kiumbe asichokijua.

Mkewe Sijaona alikuwa mtu wa mpakani. Asubuhi yuko Gatumba, mchana Uvira, upande wa Kongo, na furushi la vitenge, jioni amerudi na mafuta ya mawese pamoja na visa vya Wakongomani vya kuuchekesha mtaa mzima. Kwake yeye kukaa kitako ilikuwa adhabu. Kwa hiyo alipoanza kukaa kitako kwa hiari yake, majirani walishtuka kabla ya mumewe. Alishiba kabla hajala. Nguo zilimlegea mabegani, lakini upande wa kushoto, chini ya mbavu, palijaa kitu kigumu, kizito, ambacho alikishika kwa kiganja kila alipoinama. Mikono na mapaja yakaanza kuvilia damu bila ya kugongwa na kitu.

Kila mtu alisema ni bandama. Na nani Bujumbura asiyeijua bandama? Malaria inakupiga, inarudi kukupiga tena, bandama inavimba, unameza dawa, inanywea, maisha yanaendelea. Shangazi yake Uthmani, Bi Khadidja, ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake pale mtaani, na kwa hiyo hakuna aliyethubutu kubishana naye, maana kila mmoja alijua mwisho wa safari atapita mikononi mwake. Alimkanda Sijaona ubavu kwa mafuta, akamchanja chale juu ya uvimbe, kama mama zake walivyofanya. Sijaona alipiga kelele mpaka Uthmani akatoka nje. Bandama haikusikia chale wala mafuta. Ilizidi kukua, sasa ikawa inaonekana hata juu ya nguo.

Hapo ndipo Uthmani alipompeleka hospitali, na huko wakaangukia mikononi mwa daktari Léonce, mpasuaji, mtoto wa Kanyosha aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa babu yake. Kabla ya kuzungumza ugonjwa walizungumza ng'ombe, na wakapendana mara moja. Lakini daktari alipopitisha mashine ya kupiga picha tumboni mwa Sijaona, maneno ya ng'ombe yalikwisha. Malaria haiendi mbio namna hii, alisema. Ndani ya bandama mlikuwa na mabonge, na mabonge yenyewe yamejaa damu. Hakutaka kuyachoma sindano achukue kidogo cha kupima, kwa sababu bandama ya namna ile ukiitoboa inaweza kumwaga damu mpaka mtu akuishie mkononi. Ilibidi itolewe, kisha ipelekwe maabara, wale wanaotazama kwa darubini waseme ni kitu gani.

Uthmani aliuliza kwa nini isitoshe kuitoa tu. Yeye alijua vitu vingi vibaya ambavyo dawa yake ni kuvikata na kuvitupa.

"Kama ni ile mi ninaogopa, kuitoa haitoshi," daktari alimwambia. "Bila jina yake, Papa Yasmina, siko na dawa ya kumupa."

Alimwita hivyo kwa jina la binti yao, Yasmina, aliyeolewa Rumonge, kama ilivyo adabu. Na Uthmani aliyasikia maneno yale vizuri, akayaelewa. Lazima niseme hivyo mapema, asije mtu akamdhania kwamba alikuwa mjinga.

Upasuaji uliwekwa Ijumaa asubuhi. Kabla hawajamsukuma kwenda ndani, Sijaona alimshika mumewe mkono. Alikuwa mwanamke wa kucheka na kila kitu, ila siku ile hakucheka. Alisema amesikia kwamba vitu vinavyotolewa kwa watu hutupwa nyuma ya hospitali, mbwa na kunguru wanagombania.

"Wakisha kuitoa, isitupwe," akasema. "We utaizika. Uniapie."

Uthmani akaapa. Angeapa chochote saa ile.

Sijaona alitoka salama. Daktari Léonce alijitokeza mlangoni na kofia yake ya kijani, jasho linamtiririka, akasema damu ilimwagika lakini wameizuia, mgonjwa anapumua vizuri. Hakutabasamu, ila Uthmani hakuona hilo, alikuwa anamshukuru Mungu. Kisha muuguzi aitwaye Béatrice akamletea ndoo ndogo yenye kifuniko. Ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu: hospitali inapasua, familia inabeba. Ndani ya ndoo mlikuwa na bandama ya Sijaona, imelala katika maji ya dawa yenye harufu ya kuchoma pua. Béatrice alimwelekeza maabara ilipo, ng'ambo ya soko, akamwambia awahi. Hakuna aliyemwambia asiikate, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mtu angeikata.

Alipofika maabara alikuta pamefungwa. Mlinzi alimwambia mafundi wameshatoka, arudi Jumatatu. Uthmani alisimama barabarani na ndoo yake, watu wanampita, wengine wakamsalimu wakidhani amebeba maziwa. Hakuwa na pa kwenda nayo ila nyumbani.

Bi Khadidja alikuwa anamngoja barazani. Alitaka kwanza habari za mgonjwa, akazipata, akamshukuru Mola. Halafu akaitazama ndoo.

"Hii ni nyama ya mutu, Uthmani, tena Muislamu," alisema. "Haikai mu ndoo mpaka Jumatatu kama ndagala za ziwani."

Uthmani alimweleza habari ya darubini na jina la ugonjwa. Bibi hakupinga elimu ya madaktari. Alichosema ni kwamba kiungo cha mtu kina haki yake ya kufunikwa kwa udongo, kwamba jua linakwenda, na kwamba mkewe mwenyewe amemwapisha. Lote hilo lilikuwa kweli. Basi Uthmani akabanwa katikati, huku kiapo, huku daktari, na palepale akaiona njia. Madaktari wanataka kutazama kwa darubini, na darubini haitazami ndoo nzima. Atawakatia kipande, kilichobaki akizike. Wote wataridhika. Aliifurahia akili yake hiyo, hata akashangaa kwamba daktari hakuifikiria mwenyewe.

Aliingia jikoni, akafunga mlango, akafungua kifuniko.

Bandama alizijua. Ya ng'ombe hukaa mithili ya ulimi mrefu, laini, rangi ya zambarau iliyokolea. Aliyoiona ndani ya ndoo haikuwa na ulaini. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani mwili wa Sijaona ungeweza kubeba, na imejaa mabonge, mengine meusi, mengine mekundu, mengine yamepasuka na damu imegandia kwenye mipasuko. Muuza nyama akiona kitu kama hicho ndani ya ng'ombe humwita mganga wa mifugo, nacho huzikwa chenyewe shimoni. Ila kwenye ncha moja, upande wa chini, palibaki sehemu nzima, laini, rangi ile aliyoizoea.

Mkono wake ukaenda huko. Miaka yote ya kazi mkono ule ulikwenda huko, kwenye safi, na siku ile haukungoja ruhusa. Lakini si mkono peke yake. Uthmani aliona haya, tena haya ya kweli, inayochoma masikio. Wanaume wasiomjua wangeketi na makoti yao meupe, wakageuzageuza uchafu uliotoka ndani ya mke wake, waseme huyu ndiye mke wa fulani. Mume ni sitara ya mkewe. Kwa hiyo alimsitiri. Alikata kipande kizuri kwa uangalifu, kama anavyomkatia mtu anayemheshimu, akakitia kwenye chupa safi pamoja na maji ya dawa. Kilichobaki alikiosha, Bi Khadidja akakifunga katika kitambaa cheupe, na kabla ya magharibi kilikuwa chini ya udongo huko Buterere, kwenye kiwanja cha marehemu baba yake, ukingoni mwa mashamba ya mpunga.

Kesho yake Sijaona alikuwa ameamka vizuri, midomo imemkauka. Jambo la kwanza aliuliza kama amezika. Uthmani akasema amezika. La pili aliuliza ilikuwaje kuitazama.

"Kama ya ng'ombe muzima," Uthmani alijibu.

Sijaona alicheka, akashika mshono wake kwa maumivu, akasema basi angeiuza kwa kilo.

Jumatatu chupa ilifika maabara, na baada ya majuma kadhaa jibu likafika kwa daktari: bandama iliyovimba, kama zinavyovimba za watu waliougua malaria miaka mingi. Ugonjwa mwingine haukuonekana. Daktari Léonce alilisoma mara mbili. Alisema wazi kwamba macho yake kwenye meza ya upasuaji na maneno haya ya maabara hayapatani, lakini alikuwa na wagonjwa wamejaa mpaka uani, na habari njema haina anayeihoji sana. Alimtaka Sijaona arudi kila mwezi atazamwe. Uthmani alitoka mle ndani anatembea kama kijana.

Walisoma dua ya shukrani, mtaa ukala pilau. Bi Khadidja aliwakumbusha watu wote kwamba yeye alisema tangu mwanzo ni bandama tu. Sijaona alinenepa mashavu. Alirudi Gatumba, akarudi Uvira, akarudi na visa vyake, na mwezi wa kwanza ulipofika wa kwenda hospitali, alisema mtu mzima anakwenda hospitali kutafuta nini. Uthmani alimwunga mkono. Mwezi wa pili hawakuukumbuka kabisa. Zilikuwa siku nzuri, na Uthmani alizila zote bila ya kuacha makombo.

Kisha Sijaona akaanza tena kukaa kitako. Safari hii ilikuwa ubavu wa kulia. Macho yalipata rangi ya manjano, pua ikawa inatoka damu asubuhi anapotawadha. Alijikaza mbele ya watu, lakini siku moja alirudi kutoka mpakani na furushi lake lote, hajauza hata kitenge kimoja, akasema alishindwa kusimama kwenye foleni. Uthmani hakumwita shangazi. Alimchukua mkewe moja kwa moja mpaka kwa daktari Léonce.

Mashine ilionyesha madoa kwenye ini, mengi. Daktari aliyatazama kwa muda, akamwomba Béatrice amsaidie mgonjwa kuvaa na kumpumzisha, akamwita Uthmani ofisini. Huko alipiga simu maabara. Aliwaomba watoe tena ile bandama ya Sijaona, wakate sehemu nyingine, waitazame upya, maana hakika kuna walichokiruka. Uthmani alikuwa amekaa mbele yake, anasikiliza. Aliona uso wa daktari unabadilika wakati upande wa pili unajibu.

Daktari aliweka simu mezani.

"Wanasema walipata kakipande kamoja tu," akasema. "Ingine iko wapi?"

"Niliizika, docteur."

"Ulizika." Akaitazama tena picha ya ini. "Na hako kakipande, nani alichagua?"

"Mi mwenyewe."

"Ulichagua kapi?"

Uthmani alilifahamu kosa lake hapo hapo, jibu likiwa tayari limefika ulimini, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Ile muzuri," akasema.

Daktari Léonce hakumfokea. Ingekuwa nafuu angemfokea. Alifunika macho kwa kiganja, halafu akasema kosa lingine ni lake, kwani aliona kwa macho yake na hakuuliza. Kisha akamweleza. Kuna kansa inayoanza kwenye mishipa midogo ya damu iliyomo ndani ya bandama. Ni adimu, madaktari wengi huzeeka bila ya kuiona. Nayo ina mbio, haingoji mtu. Hupenda kuhamia kwenye ini. Yeye anaamini ni hiyo, lakini kuamini si kujua, na dawa kali za sumu haziwekwi kwenye mshipa wa mtu kwa kukisia. Itabidi afungue tumbo tena, kidogo, achukue sehemu ya ini penye doa huku anaizuia damu anayoiona kwa macho yake. Uthmani aliuliza kama wangejua tangu mwanzo ingekuwaje. Daktari alisema hata wakati ule pengine wasingeishinda. Pengine wangeipunguza mwendo. Hajui.

Lile neno la mwisho Uthmani alilibeba njia nzima mpaka Buyenzi. Alikwishasema uongo mmoja kwa ajili ya kumsitiri, na alijua anaweza kusema wa pili. Angesema maabara walikosea, na nani angembishia? Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Sijaona alikuwa anamenya chungwa ambalo wote wawili walijua hatalila. Akamwambia. Alimwambia mabonge, na damu iliyogandia, na ile ncha laini, na haya aliyoiona, na kwamba ile bandama haikufanana na ya ng'ombe yeyote mzima. Alilia wakati anasema, na hakuficha.

Sijaona alimaliza kumenya chungwa. Aliliweka kwenye sahani.

"Mi nilikuambia uzike," akasema. "Sikukuambia uchague."

Uthmani alingoja matusi, angeyapokea kwa shukrani. Badala yake mkewe aligeukia ukutani, akavuta kanga mpaka shingoni, na kwa siku zilizofuata alizungumza naye ya lazima tu: maji, dawa, fungua dirisha. Mtu aliyejaza nyumba ile kwa maneno miaka yote! Majirani waliokuja kumtazama aliwachekesha kama kawaida, na hakumwambia mmoja wao kilichotokea, wala Bi Khadidja. Alimlinda mumewe mbele za watu na kumnyima uso chumbani, na Uthmani hakujua lipi kati ya hayo mawili lilimuuma zaidi.

Tumbo lilifunguliwa mara ya pili. Safari hii daktari Léonce hakumpa mtu ndoo wala chupa. Aliipeleka sehemu ile ya ini yeye mwenyewe, na kanzu yake ya kazi mwilini. Jibu liliporudi aliwaita. Sijaona alikuwa amedhoofu, ila alikataa kiti cha magurudumu. Walifika mpaka mlangoni mwa ofisi, Uthmani amemshika kiwiko. Daktari alifungua mlango, na kama ilivyo desturi ya wengi wanaotoa habari nzito, macho yake yalikwenda kwa mume. Uthmani akapiga hatua.

"We kaa," Sijaona alimwambia.

Aliingia peke yake, mlango ukafungwa. Uthmani alikaa. Hakusikia kitu, hata sauti ya kikohozi. Watu walikuja wakaketi karibu naye, wakaitwa kwenye vyumba vingine, wakaondoka, wakaja wengine. Alijaribu kusoma aya alizozijua tangu chuoni, zikamponyoka katikati. Alijua kwamba nyuma ya mlango ule mkewe anapewa jambo lote, zuri na baya, zima kama lilivyo, na kwamba ndivyo ilivyopasa tangu siku ya kwanza. Alijua pia kwamba angelipa chochote awe ndani.

Mlango ulipofunguka Sijaona alitoka taratibu, anaweka sawa mtandio wake. Daktari Léonce alibaki kizingitini. Uthmani alimtafuta macho, daktari akainamisha yake chini.

"Amesema nini?"

Sijaona alimtazama mumewe usoni, mara ya kwanza tangu siku ile ya chungwa. Kisha akatabasamu, tabasamu la mpakani, lile la kumwambia mteja kwamba rangi haitoki.

"Amesema iko dawa," akasema. "Tutaanza juma linalokuja."

Uthmani alingoja yaliyobaki. Hakuna daktari anayemfungia mtu mlango muda wote ule kumwambia kwamba iko dawa. Alifungua mdomo aulize, na palepale akaona kwamba katika wanaume wote wa Bujumbura, yeye ndiye asiye na haki ya kuuliza. Sijaona alikwishamnyooshea mkono, amsaidie kushuka ngazi. Aliupokea. Ulikuwa mwepesi sana.

"Alhamdulillahi," akasema Uthmani, wakaenda nyumbani.